Naandika wasifu wa mama, nimefika kwenye "kazi" nimekwama

mtoto_wa_nne

Tumsifu Yesu Kristo kwa wale wa kwetu, na habari za usiku kwa wengine wote.

Mama yetu ametutoka Jumapili alfajiri. Tunazika Ijumaa huku Kibosho, Kilimanjaro, kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, pembeni ya baba. Jana ndugu tulikaa kikao tukagawana majukumu, kaka mkubwa kachukua jeneza na magari, dada zangu wako jikoni na kina mama wa jumuiya, mdogo wetu picha na maua, na mimi kwa kuwa naonekana mtu wa kalamu nikaangukiwa na wasifu wa marehemu. Kamati inasema dakika tano, paroko anasema tatu zinatosha.

Sasa nipo na laptopu ya shemeji tangu saa mbili na hivi ni saa saba usiku. Nilichofanya nikachukua wasifu wa baba wa mwaka 2009 ili nifuate ule ule, nafuta ya baba naweka ya mama. Baba alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa, kwake kurasa mbili zilijaa, aliajiriwa lini, akapandishwa lini, akapewa cheti na nani. Kwa mama nimepata hivi: kuzaliwa 1945, ubatizo wiki hiyo hiyo, komunyo ya kwanza, kipaimara, akasoma hadi darasa la nne, akakaa kwa masista miaka miwili akafundishwa kushona na kufuma, ndoa 1966, watoto 8 tuko hai 6, wajukuu 19. Nikafika kwenye KAZI. Nikaandika "mama wa nyumbani" nikaweka nukta. Halafu kinachofuata ni "marehemu alianza kusumbuliwa na presha mwaka..." Yaani miaka themanini imeisha hapo, nusu ukurasa!

Na si kwamba sina cha kusema, shida ni kwamba nilicho nacho sijui kama kinasemwa mbele ya jeneza. Mama alikuwa mbanaji aisee. Sabuni ya mche alikuwa anaikata kwa uzi vipande sita, kila kipande na wiki yake, vikibaki vile vidogo vya kuteleza anavikandamiza pamoja vinakuwa kipande cha saba. Njiti ya kiberiti alikuwa anaipasua kwa wembe zinakuwa mbili, na hata hizo alikuwa hazitumii kama kwa jirani kuna moto, unatumwa na kigae ukalete kaa. Kanga ikichakaa inakuwa mbeleko, ikichakaa tena nepi, halafu tambara la sufuria, mwisho utambi wa koroboi, sijawahi kuona kanga ikitupwa kwetu. Mifuko ya rambo alikuwa anaifua na kuianika kwenye kamba kama nguo, serikali ilipoipiga marufuku Juni 2019 alikuwa na akiba ya kutosha kijiji kizima, akatuuliza kama kuna mtu atakuja kuikagua.

Sweta sasa. Baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba mnaijua. Sweta la shule la kaka likimbana mama analifumua lote, uzi anauosha, anauzungushia mgongo wa kiti unyooke, anafuma upya kwa kipimo cha anayefuata. Mimi ni wa nne. Sweta langu lilishavaliwa na watu watatu kabla yangu, ile bluu imeshakuwa rangi ya majivu, nilikuwa natambulika tangu mbali. Na uzi unaobaki hakuwa anautunza, alikuwa anafuma kofia za watoto wachanga, kila anayejifungua pale kigangoni anapelekewa moja. Kwahiyo Jumapili umekaa kanisani unaona baridi, mbele yako mtoto wa watu yuko mgongoni kwa mama yake amevaa sweta lako kichwani.

Na ndo alivyokuwa kwa kila kitu. Akibana kwetu kinaenda nje. Kwetu chai mara nyingi ilikuwa ya rangi wakati ng'ombe tunaye, majani tumekata sisi. Maswali yangu ni mawili basi. Kwanza kwenye kazi niweke nini zaidi ya mama wa nyumbani. Pili hili la ubanaji nilisome au niliache, maana dada mkubwa kaniambia nisithubutu, ati nataka watu wamcheke mama akiwa amelala pale mbele.

---

Mndeny wa Uru

Pole sana ndugu yangu, poleni na familia yote. Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie.

Hilo la "kazi" mi nalichukulia kwa hasira kidogo unisamehe. Baba yako kaandikiwa kahawa kurasa mbili. Nani alichuma hiyo kahawa? Nani alikuwa anazungusha ile mashine ya mkono ya kumenya, anailoweka mpaka utelezi utoke, anaiosha, anaianika na kuikimbilia mvua ikitaka kunyesha? Huku kwetu Uru mzee alikuwa anaonekana siku mbili, siku ya kupeleka kwenye mizani na siku ya kupokea hela, na kadi ina jina lake. Mama alibaki na ndizi maana ndizi ni za wanawake, na kwenye ndizi ndo tulikolelewa. Bei ya kahawa ilipoanguka baada ya yale makubaliano ya dunia kuvunjika 1989, wazee wetu wengine walikata mibuni wengine wakakata tamaa wakabaki kwenye mbege, ile pombe yetu ya ndizi. Ada zetu zilitoka kwenye mikungu iliyobebwa kichwani kwenda gulioni, kilomita sijui ngapi, miguu peku ili viatu visiishe, anavivaa akikaribia.

Kwahiyo pale kwenye kazi andika: mkulima wa kahawa na migomba, mfugaji, mfumaji. Hujadanganya hata neno moja. Na ukitaka kumfurahisha mwalimu yeyote atakayekuwepo, weka na saa. Aliamka saa kumi na moja, akakata majani, akakamua, akasali, akapika, akalima, akasali Malaika wa Bwana kengele ya saa sita ikilia jembe likiwa mkononi, akatoa mbolea, akapika tena, rozari, akalala wa mwisho. Soma hiyo ratiba polepole uone kama kuna mtu atauliza alikuwa anafanya kazi gani.

---

mzee wa ukweli

Pole mkuu. Mi nitasema lisilopendeza.

Nimehudhuria misiba mingi na sijawahi kusikia wasifu wa mtu mbaya. Wote walikuwa wacheshi, wapenda watu, na nguzo ya familia. Ukisikiliza sana unashangaa hawa wanaotutesa mitaani huwa wanazikwa wapi. Kwahiyo kama una kitu cha kweli mkononi kiseme, hata kama dada anaona aibu.

Ila useme kweli yote. Umeandika mwenyewe kwamba akibana kwenu kinaenda nje. Sasa nani aliyekuwa anatoa hapo? Mama alipata sifa ya ukarimu, baridi mlipata nyie. Mi baba yangu alikuwa mtu wa namna hiyo, mtaa mzima wanamlilia hadi leo, sisi watoto wake tulikuwa tunarudishwa shule kwa ada na yeye ameshamlipia mtoto wa mwingine. Nilimzika nikiwa na kinyongo na kinyongo bado ninacho. Sisemi mama yako alikuwa hivyo, simjui, Mungu amrehemu. Nasema tu usije ukapaka sukari mahali ulipokuwa unatetemeka.

---

dada wa Pasua

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana kaka.

Mimi ni Muislamu, nimezaliwa Moshi mjini na nimekulia kwenye ua mmoja na mama Mkatoliki ambaye ukimsoma huyu wako ni kama ni dada yake. Alikuwa anauza ndizi pale mlangoni. Mama huyo ukipungukiwa shilingi hamsini kwenye ndizi zake hupati, atakwambia nenda kalete halafu nitakushikia chane lako. Watu wanamsema mchoyo. Ramadhani ikiingia, kila siku alasiri analeta ndizi za kupika futari, zile nzuri za mbele ya fungu sio zilizopondeka, na mama yangu akitoa hela anakasirika kweli kweli anaondoka bila kuaga. Na yeye Kwaresima akifunga mama yangu anampikia maharage ya nazi jioni anapeleka, na lile bakuli halijawahi kurudi tupu hata siku moja, litarudi na parachichi, na limao, likikosa kabisa litarudi na chumvi.

Nilimuuliza siku moja nikiwa msichana, mbona kwenye hamsini unanigombeza na futari unatoa bure. Akanijibu ile hamsini ndiyo futari. Nilikuwa mdogo sikuelewa, nikajua ananizungusha tu.

Soma hilo la sabuni kaka. Watu wakicheka msibani si kwamba wanamdharau, wamemkumbuka.

---

katekista mstaafu

Tumsifu Yesu Kristo. Poleni sana wanangu.

Nitasaidia kidogo upande wa taratibu maana watu huwa wanakwaruzana na mapadre siku ya mazishi bila sababu. Mahubiri ya misa ya marehemu si mahali pa kumsifu marehemu, kanuni za misa zinasema hivyo wazi, pale padre anahubiri ufufuko. Wasifu kwa parokia nyingi unasomwa nyumbani kabla jeneza halijatoka, au baada ya sala ya baada ya komunyo kabla ya buriani ya mwisho. Ongea na paroko leo sio asubuhi ya Ijumaa. Akisema tatu mpe tatu, hizo dakika mbili nyingine utazisema jioni mkiwa mmekaa kwenye moto.

Na makosa ninayoyaona kila mara: ugonjwa unachukua nafasi kuliko maisha. Alipimwa wapi, akapewa rufaa wapi, akawekewa nini, akarudishwa, yaani waombolezaji wanaondoka wanajua alivyokufa hawajui alivyoishi. Ugonjwa mistari miwili, mtaje kwamba alipata mpako wa wagonjwa kama alipata, inatosha. Na majina ya wageni wa heshima mwachie mshereheshaji.

Sasa hilo lako la kofia. Nenda Matendo ya Mitume sura ya 9, pale Yafa, habari za Tabitha. Alipokufa wakamwita Petro, Petro anaingia chumba cha juu, wajane wamesimama wanalia. Hawakumwambia Petro huyu alikuwa mwema sana. Walimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Huo ndio wasifu wake, nguo. Mimi ningekuwa wewe ningeanza na sweta moja kwa moja, tarehe za sakramenti zitafuata.

Mwambie dada yako kwamba ubahili ni kujilimbikizia. Aliyekata sabuni vipande sita akatoa kimoja, tutafute jina lingine.

---

mtoto_wa_nne

Asanteni sana wote. Nimesoma hapa nikiwa nimejificha nyuma ya zizi maana ndani kumejaa watu.

Mzee wa ukweli umenigusa pabaya. Kinyongo nilikuwa nacho, sitaficha. Ngoja niwasimulie kitu ambacho sijawahi kumsimulia mtu.

Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa ndani. Jioni mama akikamua anapima kwa chupa ya bia, chupa ya kwanza ya kuuza, chupa ya pili inapelekwa kwa bibi mmoja aliyekuwa anaishi ng'ambo ya mfereji peke yake, hakuwa na mtoto wala mume, kifua kinambana. Kinachobaki ndo chetu, na kilikuwa kinabaki cha kubadilisha chai rangi tu. Sukari ya wakati ule mnakumbuka, miaka ya themanini mwanzoni, foleni duka la kaya, sabuni hakuna watu wanafulia majani ya mpapai. Mimi nilikuwa kama miaka tisa hivi, ndo nilikuwa mpeleka maziwa. Siku moja njiani nikakaa kwenye jiwe nikanywa nusu. Nikajaza maji ya mfereji, nikatikisa, nikapeleka. Bibi akapokea akanibariki kichwani kama kawaida. Nikarudia kesho yake. Nikarudia wiki nzima, nikawa fundi.

Mama hakunichapa. Jumamosi moja akaniita akaniambia kuanzia leo ukipeleka usirudi, ukae mpaka bibi anywe amalize, unieletee chupa na unieleze kasema nini. Basi. Mwaka mzima nilikaa kwenye kile kigoda namwangalia bibi anakunywa kidogo kidogo, ananisimulia habari za mapadre wa zamani na za njaa, na mwisho anasema mwambie mama yako Mungu amwone. Mimi nipo pale namwangalia, siwezi hata kumeza mate. Sijui mama alijuaje. Huyo bibi alipofariki mama ndo alimwosha.

Hilo nilisome? Naona kama linanihusu mimi kuliko yeye.

---

kiondo77

Poleni sana kutoka Machakos. Hapa Kenya wasifu unachapishwa kwenye kile kijitabu cha mazishi na picha za rangi, na watu wanasoma juu ya jeneza ukurasa kwa ukurasa mpaka jua linapanda, sasa nyinyi wa dakika tatu mna bahati hamjui.

Mamangu alikuwa wa CWA, chama cha wanawake Wakatoliki, leso ya kichwa na sare zake huwezi kumshika. Alikuwa na mambo kama hayo ya sabuni. Enzi zile tulikuwa tunapewa maziwa ya Nyayo shuleni, yale ya bure ya enzi za Moi, kila mtoto pakiti yake, sisi kwetu ilikuwa sheria pakiti tupu ije nyumbani. Wenzetu wanazipuliza na kuzipasua kwa mguu zilie, sisi tunakunja tunaweka mfukoni kama pesa. Mama alikuwa anazijaza mchanga na samadi anaotesha miche, mipapai, mikorosho ya majaribio ikakataa, miembe. Kiangazi anaimwagilia na maji aliyooshea vyombo. Halafu mche ukishakuwa anapeana. Ukija kumsalimia unaondoka na mche, ukija na hasira unaondoka na mche.

Tulipomzika 2016 nilikuwa na hiyo shida yako, niandike nini. Nikaandika tu "alipanda miti" nikaenda. Watu kutoka vijiji viwili wakaanza kuinuka mmoja mmoja wakisema ule muembe wa kwetu ni wake, padre akangoja tu. Mwingine akasema wake ulikauka, akaomba msamaha kwa jeneza, watu wakacheka wakalia.

Hiyo ya maziwa soma. Inakuhusu lakini yeye ndiye yuko ndani yake.

---

Mngoni halisi

Pole mkuu. Mi nina swali la pembeni, hizo sweta alikuwa anafumia sindano za kununua au za njiti za baiskeli? Bibi yangu wa Peramiho alifundishwa na masista pia, sindano zake zilikuwa njiti za baiskeli zilizonolewa kwenye jiwe. Kama ni njiti weka kwenye wasifu tafadhali.

Na usisahau WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki Tanzania. Hao kina mama wakisikia hujataja watakuja na kitenge chao wakusimamie mbele yako.

---

mtoto_wa_nne

Njiti za baiskeli ndiyo!! Za baiskeli ya baba, alihangaika magurudumu yanayumba hajui kwanini. Hiyo naweka.

WAWATA nimeweka, alijiunga siku za mwanzo mwanzo, chama kilianzishwa 1972. Hakuwahi kuwa mwenyekiti wala katibu, alikuwa mhazini tu wa jumuiya, na nadhani sababu mnaijua, hela ikiingia kwake haitoki bila maelezo. Katekista nimemwona paroko, kasema baada ya komunyo, dakika tatu, na ameangalia saa kabisa wakati ananiambia.

---

Mndeny wa Uru

Mdogo wangu hapo kwenye "mhazini tu", hiyo "tu" itoe.

---

mtoto_wa_nne

Wakuu nimerudi. Tumezika juzi, namshukuru Mungu mvua ilisubiri.

Niliandika upya Alhamisi usiku. Nilianza na sweta kama katekista alivyosema, nikasoma sabuni, nikasoma njiti. Dada mkubwa alikuwa amekaa benchi la mbele amenikazia macho, nilipofika kwenye kile kipande cha saba cha sabuni nikaona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka amejifunika kitenge. Kwenye kofia nikasoma kwamba uzi uliobaki alifumia watoto wachanga wa kigango hiki, nikanyamaza kidogo nipate pumzi, mama mmoja wa nyuma akasema kwa sauti "ninayo", mwingine akasema "mimi nilizipata tatu", paroko akageuka kuangalia. Nilizidisha, ilikuwa kama dakika sita. Hakunisema. Kwenye kazi niliweka mkulima wa kahawa na migomba, mfugaji, mfumaji, mhazini. Ugonjwa mstari mmoja.

Ya maziwa sikuisoma kanisani. Niliishiwa nguvu, nikairuka nikaenda kwenye shukrani.

Jioni baada ya watu kupungua tumekaa sisi sita na chungu cha mtori, kaka mkubwa akaniuliza ile karatasi yako ulikuwa umekunja kipande cha chini, kulikuwa na nini. Nikasita, halafu nikawasomea. Nilipofika kwenye jiwe na maji ya mfereji kaka akanikatisha, akasema lile jiwe la kwenye kona chini ya ule mti wa mringaringa? Nikasema ndiyo. Akasema mimi nilikuwa nakunywa yote kasoro vidole viwili.

Tukabaki tunaangaliana. Dada wa pili akasema yeye alikuwa hanywi, alikuwa anachovya kidole tu, kila hatua kumi. Wa tatu kakataa kabisa, kasema nyie ni wezi, halafu baada ya muda akasema alikuwa anatoa yale ya juu yenye mafuta. Kila mmoja alikalishwa na mama kwenye kile kigoda mwaka wake, na kila mmoja alijua ni yeye peke yake. Kaka akaanza kuhesabu kwa vidole, kuanzia yeye mpaka mimi, akasema yule bibi miaka yote hiyo alikuwa anakunywa mfereji wa Kibosho.

Mdogo wetu wa mwisho, ambaye bibi yule alifariki kabla yeye hajaanza kutumwa, ndo akauliza kwa hiyo mimi sikupewa chochote? Dada mkubwa akachota mtori akamjazia bakuli mpaka likamwagika.